Darubini ya Seikichi

Saa kumi na nusu jioni, mwezi wa Novemba, jua la mkoa wa Chiba lilikuwa limeshachoka. Kuramochi Isao alifunga mlango wa mashine ya vinywaji aliyokuwa akiitengeneza mbele ya duka moja lililokufa zamani, akajifuta mikono, akachukua boksi la keki lililokuwa kwenye kiti cha gari. Kazi ya kampuni ilikuwa imekwisha. Shughuli iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe.

Isao alikuwa na miaka hamsini na miwili, mke alishazikwa, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Chinami. Alikuwa pia na ugonjwa mmoja usio na dawa: bunduki bandia za jeshi la zamani. Usidhani ni bunduki za kuua. Hizi zinarusha vidonge vya plastiki, na watu wazima wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba wanakwenda nazo msituni kila Jumapili kuwindana kama watoto. Lakini vijana wanataka bunduki za siku hizi. Isao alitaka ile waliyobeba walenga shabaha wa enzi za babu yake, na aliitaka kamili, mpaka kichwa cha skrubu.

Miaka mitatu aliijenga. Kitako cha mbao alikipata kwa fundi samani, vyuma vya mkanda alivitoa soko la mitumba la hekaluni, springi aliipinda mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa darubini. Zile za kuigiza zilizouzwa madukani Ueno zilikuwa nyeusi mno, tena zilikaa juu ya mtutu, ilhali ya kweli hukaa pembeni, upande wa kushoto. Kwa watu wa aina hii sentimita mbili ni dhambi. Na mtaka cha uvunguni sharti ainame, hivyo Isao aliinama kila mahali, akiuliza kila mzee aliyekutana naye.

Juma lililopita alimuuliza mwenye duka hili, Bibi Ikegaya Toki, mwenye miaka themanini na minane. Bibi hakuuliza darubini ni nini. Alijibu tu, "Ninayo. Njoo Alhamisi."

Nyumba ilinuka ubani na dawa ya nondo. Bibi alipokea boksi la keki, akapiga magoti mbele ya kabati la wafu wa ukoo, lile la picha na ubani wa kuwakumbukia, akawainamia, akatoa kimfuko cha turubai kilichokuwa kando ya picha ya kijana mwenye masikio makubwa.

Isao alifungua mfuko. Ilikuwa yenyewe. Fupi, nzito, nambari zimegongwa ubavuni.

"Bibi, nikupe nini? Sema chochote."

"Mimi mwezi ujao wananipeleka nyumba ya wazee. Huko hawaruhusu kuwasha ubani, wanaogopa moto." Bibi alimtazama vizuri. "Nyumbani kwako kuna kabati la wafu?"

"Lipo. Mke wangu yumo."

"Basi mweke hapo. Kila asubuhi, kikombe cha maji. Na usiifungue."

"Kwa nini nisiifungue?"

"Ndani mna mtu."

Alilisema vile mtu anavyosema ndani mna paka. Isao akaitikia "Sawa bibi" mara mbili, akainama, akaondoka. Nje, vipaza sauti vya mji vilikuwa vikipiga ule wimbo wa saa kumi na moja wa kuwaambia watoto warudi kwao. Ndani ya gari alicheka peke yake. Wazee bwana.

Nyumbani aliiweka mezani chini ya taa. Kipya kinyemi, kingawa kidonda, na hiki kilikuwa na kidonda kweli: ndani ya lenzi palikuwa na ukungu uliotambaa kama utando wa buibui. Ukitazama, dunia yote ilikuwa na maradhi. Mtu mwingine angeiacha. Lakini mpenda vipuri akiona lenzi chafu hawezi kulala, na Isao alikuwa ameshafungua mashine elfu moja maishani mwake bila hata moja kati ya hizo kumdhuru.

Alishika pete ya mbele, akaizungusha.

Ilikaza. Ikakaza...

Kisha ikaachia, laini, kana kwamba kuna aliyesaidia upande wa pili.

Harufu ikatoka, ya kinyozi na udongo wa mvua. Nyuma ya pete palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mpaka kikawa kidogo kama punje ya njegere. Alikikunjua kwa koleo. Nywele fupi nyeusi zilizofungwa uzi. Kucha tatu. Na jina: Ikegaya Seikichi.

Nisiwafiche, Isao alijua ni nini. Kila mtu wa kule anajua. Askari wa vita ile ya enzi za babu yake walipoondoka waliacha nywele na kucha, ili mwili usiporudi ndugu wapate cha kuzika. Alijua, na moyo ukamwambia akunje kile kikaratasi akirudishe. Lakini nywele kadhaa zilikuwa zimechomoka kwenye kikaratasi na kugandia kwenye lenzi, na lenzi ilitaka kusafishwa. Akachukua kopo la hewa la kupulizia vumbi kwenye mashine, akapuliza. Nywele zikapaa na kucha zikatawanyika sakafuni. Akafagia. Kesho yake ilikuwa siku ya takataka za kuchomwa, basi akaviweka vyote, na kikaratasi juu, kwenye mfuko pamoja na maganda ya machungwa.

Lori lilikuja saa mbili asubuhi. Maji hakuyaweka, siku hiyo wala zilizofuata.

Jumapili alikwenda uwanjani na Chinami. Binti alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa uuguzi. Tangu mama yake afe, baba na mtoto walikuwa wamesahau namna ya kuzungumza wakiwa nyumbani. Msituni ndiko walikorudishiwa ndimi. Jumapili moja kwa mwezi walibishana na kutaniana, na Isao alirudi akiwa na kitu cha kumtosha wiki nne. Hakuwa na mwingine. Angempoteza huyu, angebaki na vipuri.

"Baba, hiyo bunduki inanuka," Chinami alisema walipokuwa wakila wali wa mchuzi wa kari wa mchana.

"Inanuka historia."

"Inanuka maiti."

Onuki, mwenye uwanja na refa wa michezo yote, alicheka mpaka tumbo likamtikisika. "Mwache mzee, binti. Angemtunza mkewe hivyo, mama yako asingekuwa na kinyongo naye mpaka leo."

"Kula kari yako, Onuki," Isao alisema. Wote watatu wakacheka. Ilikuwa siku nzuri.

Mchezo wa mchana ulianza. Kule hakuna hakimu wa risasi. Kidonge kikikugusa, wewe mwenyewe unainua mkono, unapaza sauti "Nimepigwa!" na unatoka. Ni mchezo wa uaminifu, asiye nao hachezi. Sheria nyingine ni moja tu nzito: hakuna kuvua miwani ya kinga, kwani kidonge kikipofua jicho hakiombi radhi.

Isao alilala nyuma ya gogo, mlangoni pa kichaka cha mianzi, akaweka jicho kwenye darubini. Lenzi ilikuwa safi kama maji.

Kati ya mianzi alisimama mtu.

Mwembamba, nguo za kahawia zimemkaa kama za kuazima. Masikio makubwa. Na macho yake... yalikuwa wazi.

"Mtu hana miwani!" Isao alipiga kelele. "Simamisheni! Mtu hana miwani!"

Filimbi ikalia, watu wote wakaelekeza mitutu chini. Onuki akaingia kwenye mianzi, akatoka na majani mabichi begani.

"Hakuna mtu, kaka."

"Nimemwona."

"Kwa macho au kwa huo mdude?"

Isao alirudi nyuma ya gogo lake.

Mchezo ukaendelea. Jua lilikuwa limeshuka, mianzi imeanza kuwa ya bluu. Chinami, mwenye kitambaa cha njano cha timu kama baba yake, alikuwa mbele hatua arobaini hivi, amechutama, mgongo wake umeelekea kwake. Isao alitazama kwa macho. Binti alikuwa peke yake. Akatazama kwa darubini.

Yule mtu alikuwa nyuma ya binti yake.

Karibu. Karibu kiasi cha kumpumulia shingoni. Alikuwa ameinama, ananyoosha vidole kwenye nywele zake kama mtu anayechagua kitambaa dukani...

Isao alifyatua. Hakufikiri. Alilenga kifua cha yule mtu, na aliona kidonge cheupe kikienda moja kwa moja, kikapita ndani ya lile shati la kahawia bila kuacha alama.

"Nimepigwa!" Chinami aliinua mkono. Aligeuka akicheka. "Baba! Sisi timu moja! Umezeeka sasa!"

Alikuja akijipapasa kisogo. Kisha kicheko kikamkauka. Aliuleta mkono mbele, akautazama, akaurudisha nyuma tena.

"Baba... mbona hapa hakuna nywele?"

Isao alitazama. Pale kisogoni, pana kama kidole gumba, nywele zilikuwa zimekatwa mpaka ngozi. Zimekatwa kwa makali, tena kwa utaratibu. Chini kwenye majani hapakuwa na hata unywele mmoja.

Alimwachia Onuki amrudishe binti nyumbani, akatoa uongo wa mashine iliyoharibika mahali. Akaendesha gari mpaka kwa Bibi Ikegaya, na alipofika wimbo wa saa kumi na moja ulikuwa unamalizikia. Bibi alikuwa ameketi kati ya maboksi ya kuhama. Hakushangaa.

"Umeifungua," alisema.

"Nimeifungua. Bibi, yule ni nani?"

"Shemeji yangu. Kaka wa marehemu mume wangu. Mimi sikumkuta hai." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama vile kuna aliyelala chumba cha pili. "Alizama na meli. Darubini yake ilibaki bandarini, inatengenezwa, rafiki yake akaileta. Mama mkwe alikuwa na zile nywele. Watu wakamwambia, zika. Akakataa. Alisema akizizika, mwanawe amekufa. Akazitia humo ndani. Akawa anampa maji."

"Na wewe ukaendelea."

"Miaka sitini na sita. Siku moja nilisahau maji. Paka wetu tulimkuta amenyolewa." Bibi alimkazia macho. "Nywele zake ziko wapi, mwanangu?"

Isao aliangalia mikono yake. "Nimezitupa."

"Zirudishe."

"Zimechomwa, bibi. Zilikwenda na takataka."

Bibi alifumba macho.

"Basi umemchoma mtu pamoja na maganda," alisema. "Mwili wake wote ulikuwa ule. Sasa hana. Sijui, mimi si mganga, nasema ninavyodhani. Nadhani atatafuta mwingine. Nywele, kucha, jina. Kwao hivyo vinatosha kuwa maiti." Akafumbua macho. "Ameshagusa mtu?"

"Binti yangu. Nywele."

"Na kucha?"

"Bado."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Isao hakumbuki alivyoendesha. Anakumbuka taa nyekundu moja aliyoipita na mtu aliyemtukana. Alipanda ngazi mbili mbili, akafungua mlango, akasikia...

Kach.

Kimya kidogo.

Kach.

Chinami alikuwa sakafuni chini ya taa, gazeti limetandazwa mbele yake, na mkasi wa kucha mkononi.

"Unafanya nini!"

"Jamani, baba! Kesho naingia wodini. Hawataki kucha ndefu."

"Giza limeingia! Nani anakata kucha usiku? Mama yako alikukataza tangu unatambaa!"

"Eti nitakosa kuwapo mzazi akikata roho. Baba, mimi nasomea uuguzi, niamini hayo?" Lakini aliuweka mkasi chini, kwa sababu hakuwahi kumwona baba yake na uso ule. "Basi, basi. Nimekata tatu tu."

Isao alitazama gazeti.

Hapakuwa na kitu.

Alilinyanyua, akalikung'uta, akapapasa sakafu kwa viganja vyote viwili. Chinami alimwita, akamwita tena. Isao aliingia chumba cha kazi na kufunga mlango.

Bunduki alikuwa ameiacha kwenye gari, pamoja na darubini yake. Ana hakika na hilo mpaka leo. Lakini darubini ilikuwa mezani chini ya taa, na pete ya mbele ilikuwa imelegezwa nusu mzunguko.

Aliifungua. Ndani mlikuwa na nywele ndefu nyeusi zilizofungwa uzi. Kucha tatu. Na kikaratasi kipya, cheupe, ambacho hakuna aliyekiweka. Kilikuwa na mwanzo wa jina la binti yake, na wino ulikuwa bado mbichi. Wakati anaukodolea macho, mkunjo wa pili wa herufi ulianza kutokea, polepole, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani.

Aliufuta kwa kidole. Ukarudi. Akakichana kikaratasi vipande viwili, kipande kimoja kikaendelea kuandikwa.

Hapo Isao alilia. Alilia kwa hasira, si kwa huruma, hasira ya kujijua mpumbavu. Miaka mitatu alikusanya bunduki kipande kwa kipande, akakosa akili ya kutambua kipande kimoja kilichokuwa mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini guu liwe lake.

"Seikichi," alinong'ona. "Kaka. Nimekukosea mimi. Yeye hajui hata jina lako."

Alichukua mkasi wa kukatia waya, akajikata nywele za kisogoni. Akakata kucha tatu, ya mwisho akaikata na nyama. Akatoa vya binti yake, akavitia mfukoni mwa shati, kifuani. Kisha akaandika kwenye karatasi mpya, haraka, mkono ukiteleza kwa damu: Kuramochi Isao. Akakunja. Akatia. Akafunga pete.

Ilikaza yenyewe robo mzunguko ya mwisho.

Kwenye kile kipande kilichochanika, wino ulisimama. Kisha ukafifia kama jasho linavyokauka.

Akaipeleka darubini kwenye kabati la wafu, akaiweka karibu na picha ya mkewe. Usiku huo alikaa kitini sebuleni akiangalia mlango wa Chinami. Hakuna kilichotokea. Ilifika alfajiri, na binti alitoka akipiga miayo, mzima, nywele kazibana kuficha pale palipokatwa. Isao alimtazama akinywa supu mpaka ya mwisho. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuumwa.

"Umelala kitini?" Chinami aliuliza. "Na hili dude umemwekea mama? Hata yeye hapumziki?"

"Liache hapo."

Alikuwa ameshalichukua. Aliligeuza, akalipandisha jichoni, akamwelekezea baba yake aliyekuwa upande wa pili wa meza.

"Baba, sogea, sikuoni."

"Niko hapahapa."

"Naona kiti. Naona kalenda. Wewe huonekani." Alishusha darubini, akamtazama kwa macho, akaipandisha tena. Alianza kucheka. "Lenzi yako mbovu, mzee. Umeuziwa..."

Kicheko kikakatika.

"Baba," alinong'ona. "Nyuma ya kiti chako kuna mtu."

Isao hakugeuka. "Anafanya nini?"

"Amesimama tu. Ameweka mkono... hewani. Hapo ambapo pangekuwa na bega lako."

Isao alikuwa ameshauhisi. Haukuwa mzito. Ulikuwa baridi na umelowa maji, ukanuka chumvi, na haukuwa na haraka yoyote.

"Anakutazama wewe?"

"Hapana. Hanitazami kabisa. Anakutazama wewe."

Basi hapo moyo wa Isao ukatulia, naapa. Aliogopa, lakini chini kabisa ya woga palikuwa na furaha, kwani aliyechukuliwa alikuwa yeye, si binti, na hakuionea aibu.

"Ni mwanga wa dirishani," alisema. "Lirudishe kwa mama. Vaa koti, nje kuna baridi. Utachelewa wodini."

"Baba..."

"Nenda, mwanangu."

Alivaa. Mlangoni aligeuka mara mbili. Isao alimpungia mkono mara zote mbili, akitabasamu, amekaa wima. Kisha akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, moja baada ya nyingine, ghorofa zote tatu mpaka barabarani, na geti likilia, na binti akimsalimia jirani kwa sauti kubwa ya kila siku.

Mkono haukuondoka.